Ukiacha Kazi, Kipi Chako na Kipi cha Tajiri?

Katika mji wa Jinja, fundi anayeacha kazi katika karakana ya mtu aghalabu haendi mbali. Hukodi chumba mtaa wa pili, hununua cherehani mbili kwa fedha alizojiwekea, hutundika kibao mlangoni, na kabla mwezi haujaisha wateja aliokuwa akiwapima nguo kwa tajiri wake wa zamani huanza kuonekana kwake. Mambo ni hayo hayo huko Mbale, chini ya Mlima Elgon. Karani aliyekuwa akipima kahawa ya wakulima katika ghala la mnunuzi fulani huonekana msimu unaofuata ameketi kando ya barabara na mizani yake mwenyewe.

Hapo ndipo barua ya wakili hufika. Barua hiyo husema kwamba fundi au karani huyo ameiba wateja, amevunja uaminifu, na kwamba afunge biashara yake katika muda wa siku saba la sivyo atashtakiwa na kulipa fidia. Kwa askari aliyestaafu, au kwa mke wa askari ambaye kiinua mgongo cha nyumba nzima kimeingia katika cherehani hizo mbili, barua ya namna hii huondoa usingizi. Wapo waliofunga duka kwa kuogopa karatasi isiyokuwa na nguvu yoyote. Wapo pia waliotoka kweli na daftari la tajiri chini ya shati, wakaichana barua huku wakicheka, mpaka hati ya kuitwa mahakamani ilipowafikia. Wote hao hawakujua mpaka uko wapi, na mpaka upo.

Nchini Uganda mpaka huo haukuandikwa katika kitabu kimoja. Sehemu yake imo katika Sheria ya Ajira ya mwaka 2006, na sehemu nyingine katika Sheria ya Kulinda Siri za Biashara ya mwaka 2009. Sehemu kubwa iliyobaki inatokana na hukumu za majaji wa Uingereza ambazo mahakama za Uganda zilizirithi na ambazo hadi leo huzitazama zinapokata shauri. Ndiyo maana wakili wa Jinja akitetea shauri la fundi cherehani huweza kumsomea jaji habari za muuza kuku wa Kiingereza, na jaji akamsikiliza.

Jambo la kwanza ambalo yafaa lieleweke ni kwamba mfanyakazi ana hali mbili zilizo tofauti kabisa: ile ya kabla ya kuacha kazi na ile ya baada yake. Maadamu anapokea mshahara, sheria inamtaka awe mwaminifu kwa mwajiri wake hata kama mkataba haukutaja neno hilo, na hata kama hakuna mkataba wa maandishi. Hawezi kula chakula cha tajiri mchana na kumchimbia kisima jioni.

Mwaka 1946 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilikata shauri la kampuni iitwayo Hivac, iliyokuwa ikitengeneza vali ndogo sana za umeme kwa ajili ya vifaa vya kuwasaidia viziwi kusikia. Mafundi wake wachache walikuwa wakienda siku za Jumapili kufanya kazi ya namna ile ile kwa kampuni shindani. Haikuonyeshwa kwamba walikuwa wametoa siri yoyote. Siku ya Jumapili ilikuwa yao. Hata hivyo mahakama ilitoa amri ya kuzuia jambo hilo, kwa kuwa mtu mwenye ujuzi wa pekee hawezi kuutumia kumjenga mshindani wa yule anayemlipa, ilhali bado yumo katika kazi yake.

Je, mfanyakazi amekatazwa hata kujitayarisha? La. Anaweza kuweka akiba, kutafuta chumba, kuulizia bei ya mashine na kuandikisha jina la biashara, maadamu anafanya hayo kwa wakati wake na kwa fedha zake. Linalokatazwa ni kuanza kushindana kabla hajaondoka. Tuchukue mfano wa karani wa kahawa wa Mbale. Tangu Serikali ilipoondoa ukiritimba wa Bodi ya Soko la Kahawa mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanunuzi binafsi wamekuwa wengi, na makarani waliojifunza kazi katika vyama vya ushirika na katika maghala ya makampuni wamekuwa wanunuzi wao wenyewe. Hilo ni jema kwa mkulima, kwa sababu penye mizani mbili pana bei mbili. Lakini karani ambaye bado yuko kazini, akamnong'oneza mkulima wa Bududa, «Mzee, usiilete kahawa yako hapa wiki hii, ningoje nifungue kwangu,» huyo amekwisha vunja uaminifu, ingawa hajanunua hata kilo moja. Na yule anayewashawishi wapakiaji na dereva waondoke naye kwa siku moja, ili tajiri aamke akute ghala halina mtu, anajitafutia mashtaka.

Kuku wa Uingereza na daftari la wateja

Ugomvi mwingi hauhusu mashine wala fedha. Unahusu wateja. Mwenye karakana husema, «Wateja hawa ni wangu, nimewatafuta kwa miaka kumi.» Fundi naye husema, «Wateja hawa walinifuata kwa sababu ya mkono wangu.» Sheria haimpi mmoja wao haki yote. Mteja si mbuzi wa kufungwa kamba. Mama anayetaka gomesi ya harusi yuko huru kumpelekea kitambaa fundi ampendaye. Kinachoweza kuwa mali ya tajiri ni orodha: karatasi au daftari lenye majina ya watu, mahali wanapokaa, wanachonunua na bei wanayolipa.

Mwaka 1895 mahakama ya Uingereza ilimhukumu meneja mmoja wa biashara ya kuuza ndege wa kuwindwa na mayai yao. Meneja huyo, kabla ya kuondoka, alinakili majina ya wateja kutoka katika daftari la maagizo la tajiri wake, kisha akafungua biashara ya namna hiyo hiyo na kuwaandikia wateja wale. Majaji walisema kwamba kunakili kwa siri, ukiwa bado kazini, ili uje kumshinda tajiri wako baadaye, ni uvunjaji wa uaminifu. Alitakiwa kulipa fidia, na akazuiwa kuitumia orodha ile.

Miaka tisini na moja baadaye likaja shauri jingine la ndege, na hili ndilo linalofaa kukumbukwa na kila mtu anayefikiria kujitegemea. Kampuni ya Faccenda ilikuwa ikiuza kuku wabichi kwa magari yenye barafu, ambayo yalizunguka kwa wateja kwa siku maalumu. Meneja wa mauzo, Bwana Fowler, aliondoka akaanzisha biashara yake ya kuuza kuku kwa magari, katika eneo lile lile, na wafanyakazi wanane wa kampuni wakamfuata. Kampuni ikamshtaki. Ilisema kwamba watu hawa walijua majina ya wateja, njia za kupita, siku za kupeleka, kiasi anachonunua kila mmoja na bei anayotozwa. Mwaka 1986 Mahakama ya Rufaa ilikata shauri, na kampuni ikashindwa.

Kwa nini meneja wa mayai alishindwa na meneja wa kuku akashinda? Wa kwanza alichukua nakala alipokuwa bado mtumishi. Wa pili alitoka na yale yaliyokuwa kichwani mwake, ambayo dereva yeyote mwenye kuizunguka njia ile kwa miezi kadhaa angeyajua bila kukusudia. Aidha, mikataba ya Faccenda haikuwa na sharti lolote la kuwazuia wafanyakazi wasishindane nayo baadaye. Majaji walieleza kwamba yako mambo ambayo kila mtu anayajua, na hayo hayana mwenyewe. Yako mambo ambayo mtumishi huyajua kwa sababu ya kazi, naye hapaswi kuyatoa maadamu yumo kazini, lakini akishaondoka yanakuwa sehemu ya ujuzi wake. Na ziko siri za kweli, ambazo hata akiondoka miaka mingi hawezi kuzitumia.

Kwa hiyo fundi wa Lubas Road mjini Jinja ambaye ameshona sare za shule kwa miaka sita hawezi kuambiwa asahau namna ya kukata kola. Ujuzi huo ni wake kama mikono yake ilivyo yake. Historia ya mji huo yenyewe ni ushahidi. Mwaka 1972, Waasia walipofukuzwa nchini, maduka na karakana nyingi za Jinja na Mbale ziligawiwa watu wengine. Funguo zilipokelewa, bidhaa zilipokelewa, lakini ujuzi haukuweza kugawiwa pamoja na funguo.

Lakini karatasi za kukatia nguo, vipimo vya wanafunzi vilivyoandikwa katika daftari la karakana, funguo, mihuri na vitabu vya risiti hubaki kwa mwenyewe. Siku hizi daftari limehamia ndani ya simu, na hapa ndipo wengi wanapokosea bila kujua. Laini ya simu iliyonunuliwa na mwajiri hurudishwa kwa mwajiri. Majina mia mbili ya wateja yaliyohamishwa usiku wa kuamkia siku ya kuondoka kutoka simu ya kazi kwenda simu ya nyumbani hayana tofauti na daftari la mayai la mwaka 1895. Aliyeondoka aweza kutangaza. Na aweke kibao, atangaze redioni, awaambie majirani, amwambie padre au imamu wake. Wateja wakija kwa tangazo hilo, wamekuja wenyewe.

Siri ni nini?

Sheria ya mwaka 2009 haikubali kila jambo liitwe siri kwa sababu tu tajiri amelikunjia uso. Inataka habari yenyewe iwe inatumika au yaweza kutumika katika biashara, isiwe inajulikana kwa watu wa biashara hiyo, iwe na thamani kwa sababu haijulikani, na mwenyewe awe amechukua hatua za kutosha kuificha. Kanuni ya kuchanganya rangi za vitambaa, iliyofungiwa kabatini na kujulikana na watu wawili, yaweza kuwa siri. Namna ya kukanda unga wa chapati, ambayo kila mpita njia huiona mezani, si siri. Bei iliyobandikwa ukutani si siri. Bei ambayo mwajiri anakusudia kuandika katika zabuni ya kushona sare za hospitali mwezi ujao ni siri, na mfanyakazi anayehama nayo kwenda kuandika bei ya chini kidogo atapata shida kumweleza jaji.

Anayevunja sheria hiyo anaweza kuzuiwa kwa amri ya mahakama, kutakiwa kulipa fidia, na hata kutoa hesabu ya faida aliyoipata. Lakini mtu aliyeigundua kanuni kwa juhudi zake mwenyewe, au kwa kuinunua bidhaa sokoni na kuichunguza jinsi ilivyotengenezwa, hana kosa. Wala sheria haikutungwa ili kuwafichia waovu. Karani aliyeona mizani ya tajiri imechezewa ili kuwapunja wakulima hafungwi mdomo na neno siri.

Sharti la kutoshindana

Waajiri wengi huingiza katika mkataba sharti kwamba mfanyakazi, akiondoka, asifanye kazi ya namna ile mahali fulani kwa muda fulani. Watu huweka sahihi bila kusoma, kwa kuwa siku ya kupata kazi hakuna anayefikiria siku ya kuiacha.

Sharti la namna hii lina umri mkubwa. Mwaka 1414, huko Uingereza, mtia rangi nguo aitwaye John Dyer alishtakiwa kwa sababu aliahidi kwa maandishi kwamba hatafanya kazi yake katika mji wake kwa nusu mwaka. Jaji Hull alikasirika mno. Alisema hati ile ni batili, na akaapa kwamba kama mshtaki angekuwapo mbele yake angemtia gerezani mpaka amlipe Mfalme faini. Tangu siku hizo sheria imeanza na msimamo kwamba kumzuia mtu asijipatie riziki kwa kazi anayoijua ni jambo baya, na anayetaka kumzuia ndiye atoe sababu za kutosha.

Sababu hizo zaweza kuwapo. Wanajeshi wataifahamu bunduki ya Maxim, ambayo Kapteni Lugard alifika nayo Kampala mwaka 1890. Huko Uingereza kampuni iliyoungana na ile ya Maxim ilikuwa imetokana na kiwanda cha bunduki na risasi cha Msweden Thorsten Nordenfelt, ambaye alikiuza kwa pauni 287,500 na kuahidi kutofanya biashara hiyo popote duniani kwa miaka 25. Baadaye akabadili nia. Mwaka 1894 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa, lilimshika kwa ahadi yake. Alikuwa ameuza biashara, akapokea fedha nyingi, na wateja wake walikuwa serikali za dunia nzima. Mfanyakazi hapimwi kwa mizani hiyo. Mwaka 1916 Baraza hilo hilo lilikataa sharti lililomzuia mhandisi wa kampuni ya mashine za kunyanyulia mizigo asifanye kazi hiyo popote Uingereza kwa miaka saba. Lilisema kwamba mwajiri aweza kulinda siri zake na uhusiano wake na wateja, lakini hawezi kujilinda dhidi ya ushindani mtupu.

Sasa na tupime sharti la huku kwetu. Kutoka Jinja hadi Mbale, kwa njia ya Iganga na Tirinyi, ni karibu kilomita 150. Mkataba unaomwambia mwoka mikate wa Jinja asioke mikate popote Uganda kwa miaka mitano ni vigumu usimame mahakamani, kwani mkate wa Mbale haumwondolei mwoka mikate wa Jinja mteja hata mmoja. Mkataba unaomwambia mtu wa mauzo asiwaendee wateja aliokuwa akiwahudumia mwenyewe, mjini Jinja, kwa miezi sita, waweza kusimama. Jaji hutazama ukubwa wa eneo, urefu wa muda, na cheo cha mtu. Mfagiaji wa ghala aliyefungwa kwa sharti moja na meneja ni dalili kwamba mwajiri alinakili karatasi ya mtu mwingine. Wanaovuka mpaka kwenda kufanya kazi Kenya wajue pia kwamba nchi hiyo ina sheria maalumu juu ya mikataba ya kuzuia biashara, na Mahakama Kuu yake yaweza kulitangaza sharti lisilo la haki kuwa batili.

Tena kuna suala la jina. Fundi aliyetoka katika karakana yenye jina kubwa asipake rangi kibao kinachofanana na kile cha kwanza, akageuza herufi moja tu ili mama mwenye haraka apotee njia. Hapo hashindani tena, anajifanya mtu mwingine, na sheria inamkamata hata kama hakuchukua daftari wala siri.

Kwa askari na polisi wanaostaafu na kuingia katika makampuni ya ulinzi, au kuanzisha ya kwao, mambo yanaongezeka. Kampuni ya ulinzi haifunguliwi kama duka la chumvi. Inahitaji idhini ya Inspekta Jenerali wa Polisi. Nayo Sheria ya Siri za Serikali, iliyopo tangu mwaka 1964, haikomi siku ya kuvua sare. Mipango ya kambi na majina ya watoa habari havina bei ya kuuzwa kwa mteja. Nidhamu, kulenga shabaha, kuongoza watu na kuandika taarifa ya lindo, hayo ni ujuzi wa mtu, na ayatumie kwa faida yake.

Mwajiri naye ana wajibu wake. Haruhusiwi kuzuia mshahara ambao mtu amekwisha ufanyia kazi kwa sababu amesikia kwamba anafungua duka. Mfanyakazi akiomba cheti cha utumishi, lazima apewe. Mwajiri alipaswa pia kumpa mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi katika wiki 12 za kwanza, na aliyeshindwa kufanya hivyo atapata taabu kudai baadaye kwamba palikuwa na sharti walilokubaliana kwa mdomo. Kwa upande wake mfanyakazi sharti atoe notisi: wiki 2 kwa aliyefanya kazi zaidi ya miezi sita bila kufikia mwaka, mwezi 1 kwa aliyetimiza mwaka bila kufikia mitano, miezi 2 kwa aliyetimiza mitano bila kufikia kumi, na miezi 3 kwa aliyetimiza kumi na zaidi. Katika muda wa notisi bado yeye ni mtumishi, na uaminifu ule wa kwanza haujaisha.

Barua ya wakili ikija, isijibiwe kwa matusi wala isitupwe. Ichukuliwe pamoja na barua ya kuajiriwa, nakala ya notisi iliyotiwa mhuri wa kupokelewa, karatasi ya kukabidhi vifaa yenye sahihi za pande mbili, na risiti za mashine zinazoonyesha tarehe ya kununuliwa. Ugomvi wa mshahara na cheti huanzia kwa ofisa wa kazi wa wilaya au wa jiji. Shauri la siri na wateja ni la mahakama, na Mahakama Kuu ina vituo vyake Jinja na Mbale pia, basi hakuna haja ya kupanda basi kwenda Kampala. Karatasi ya kukabidhi vifaa ndiyo ambayo watu wengi hawana, nayo huandikwa kwa dakika kumi siku ya mwisho ya kazi, kabla tajiri hajafunga mlango.